Guigal Côtes du Rhône nyekundu: maoni ya mtu anayeinywa mwaka wa tatu sasa

Nianze na bei maana najua wengi ndo mnachoangalia kwanza. Hii ni waini nyekundu ya Ufaransa inayotengenezwa na nyumba ya Guigal, na hapa Lyon naipata kwa yuro kumi na kitu, haijawahi kunifikisha 15, na mwezi wa tisa supamaketi za Ufaransa zinapokuwa na msimu wao wa ofa za waini, makreti yanapangwa mpaka karibu na mlango, hapo ndo nabeba sita kwa mpigo naenda kulaza chini ya kitanda. Nimeinywa ikiwa baridi, nimeinywa ikiwa ya moto, nimeinywa siku ya pili na ya tatu, nimewapa watu waliozoea waini na watu ambao hawajawahi kuigusa, kwa hiyo haya sio maoni ya mtu aliyeonja mara moja dukani akaondoka.

Mimi nipo jikoni kwenye mgahawa mdogo hapa mjini, kwetu ni Marangu. Nataja kwetu mapema kwa sababu kuna kitu cha kwetu kitanisaidia kuieleza hii waini, nitakifikia.

Kila nikimtumia mtu wa nyumbani picha ya chupa ananiuliza, tamu au kali? Sio tamu. Sukari yote ya zabibu imeliwa wakati wa kuchachuka ikageuka kilevi, hakuna iliyobaki ya kuisikia ulimini. Lakini na kali nayo inategemea unamaanisha nini, maana nimegundua watu tunaita kali vitu vitatu tofauti kabisa. Kuna uchachu, ule unaofanya mate yatoke kama umelamba ndimu. Kuna ukakasi, ule unaokaza ulimi na fizi kama umetafuna zambarau ambayo haijaiva vizuri au umekunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, huo ndo Wafaransa wanauita tanini na unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Alafu kuna moto wa kilevi kooni. Hii chupa uchachu wake ni wa wastani, ukakasi upo ila umelainika, na moto upo kweli, kilevi kwenye chupa nilizowahi kununua hakijashuka chini ya asilimia 14, kwa hiyo mtu asije akainywa kama juisi alafu akanilaumu.

Sasa angalia lebo. Jina kubwa pale ni la mahali, Côtes du Rhône, maana yake miteremko ya mto Rhône. Jina la zabibu hulioni mbele, na mtu aliyezoea waini za Afrika Kusini zinazoandika aina ya zabibu moja kwa moja hapo anachanganyikiwa. Wafaransa kwenye maeneo yao ya zamani wanakuuzia mahali, wakichukulia kwamba ukishajua mahali unajua na zabibu na utaratibu wote. Humu ndani kuna zabibu tatu, Grenache, Syrah na Mourvèdre, zimechanganywa. Na hilo neno kuchanganya ndo limenifanya niandike yote haya, kwa sababu nimeshaambiwa zaidi ya mara moja na watu wa nyumbani kwamba waini ya kuchanganya ni ya masalia, eti wamekusanya zilizobaki wakazimiminia pamoja. Inaniuma kusikia hivo maana ni kinyume kabisa.

Bibi yangu alikuwa anapika mbege ya kuuza. Ndizi zilizoiva mpaka ganda limepiga weusi zinachemshwa muda mrefu, zinaachwa zichachuke siku kadhaa, alafu ulezi uliooteshwa na kusagwa unapikwa uji unaingizwa humo, na gome la msesewe linaweka ule uchungu wa nyuma. Bibi alikuwa anasema ndizi peke yake ni ya kunywesha watoto, ulezi peke yake ni uji, msesewe peke yake ni dawa ya tumbo. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni masalia. Kila kimoja kina upungufu wake na kinafunikwa na mwenzake, na mpishi mzuri wa mbege anajulikana kwa mkono wake wa kupima. Siku niliyoelewa kwamba Côtes du Rhône ni mbege kwa maana hiyo ndo siku nilianza kuipenda kweli.

Grenache ni ndizi yetu hapo. Inaleta utamu wa harufu (harufu, sio sukari), forosadi zilizoiva, stroberi zilizoanza kulainika, na inaleta mwili na kilevi. Asili yake ni Hispania, kule wanaiita Garnacha, inapenda jua, inavumilia ukame, na mti wake ni mgumu umesimama wima kwa hiyo ule upepo mkali unaovuma huko kusini hauuvunji kirahisi. Tatizo lake rangi yake ni nyepesi, ukakasi wake mdogo, na ikipata hewa nyingi inachoka haraka, inageuka rangi ya matofali na ladha inalala. Syrah inakuja na rangi ile ya zambarau iliyokolea mpaka inaacha alama kwenye meno, na harufu ya pilipili manga, na hiyo pilipili manga sio maneno ya mbwembwe, kuna kitu kinaitwa rotundoni ambacho kimo kwenye maganda ya Syrah na ndo hichohicho kinachofanya pilipili manga inuke pilipili manga. Mourvèdre nayo ni ya Hispania, inachelewa kuiva kuliko wenzake, Wafaransa wanasema inataka uso juani na miguu majini, ni nzito ina harufu ya ngozi na ya nyama pori, peke yake ikiwa changa inakaba, lakini inapambana na hewa, yaani pale Grenache inapochoka yenyewe ndo inashika. Weka kidogo tu, inatosha. Ndo msesewe huo.

Kuhusu Syrah kuna kitu lazima nikiseme. Kwa miaka mingi watu walikuwa wanasimulia kwamba zabibu hii ilitoka Shirazi, Uajemi, ililetwa na mtu aliyerudi kwenye vita vya msalaba akaipanda juu ya kilima cha Hermitage, huku bonde la mto Rhône. Na sisi jina la Shirazi tunalo pwani kote, simulizi za Washirazi waliokuja na majahazi kila mtu kazisikia, kwa hiyo niliposikia habari hii mara ya kwanza nilifurahi sana, nikaona dunia ndogo. Alafu wanasayansi wa Davis kule California na wa Montpellier wakapima vinasaba, mwaka 1998 ikajulikana kwamba wazazi wa Syrah ni zabibu mbili za hukuhuku, Dureza ya upande wa Ardèche na Mondeuse nyeupe ya Savoie. Yaani ni mtoto wa bonde la Rhône na milima iliyo jirani. Nilisikitika kidogo ila ukweli wenyewe nao ni mzuri, imezaliwa karibu na pale inapolimwa vizuri kuliko popote.

Na hapo ndo inabidi nieleze mto maana bila mto hii chupa haieleweki. Rhône inaanza kwenye barafu ya milima ya Uswisi, inaingia ziwa la Geneva, inatoka, inakuja Lyon, hapa inakutana na Saône, alafu inakata kwenda kusini moja kwa moja mpaka bahari ya Mediterania. Eneo la waini linaanzia Vienne, chini kidogo ya hapa kwetu, linaishia huko Avignon. Lakini ni maeneo mawili ambayo hayafanani hata kidogo, na katikati, kati ya Valence na Montélimar, kuna pengo ambalo mizabibu inakuwa michache sana.

Kaskazini ni kwembamba, kuna miteremko mikali na mawe ya graniti, na zabibu nyekundu inayokubalika ni Syrah tu. Huko ndo kuna Côte-Rôtie, Saint-Joseph, Hermitage, Crozes-Hermitage, Cornas. Jirani yangu hapa kwenye jengo ni mtu wa Bukavu, ana gari, Jumapili moja akanipeleka Ampuis ambako ndo nyumbani kwa hawa Guigal na ndo kitovu cha Côte-Rôtie. Tulipopaki tukainua macho, yule bwana akashika kichwa akasema, "Ndugu yangu, huku wanalimaka juu ya ukuta!" Na kweli ni ukuta. Kijiji kimebanwa kati ya mto na kilima, na kilima kizima kimekatwa vijingazi, kila kingazi kimeshikiliwa na ukuta wa mawe, kwingine ngazi moja inabeba mistari miwili mitatu tu ya mizabibu, na kila mzabibu umefungwa kwenye miti iliyoegemezwa pamoja kwa juu kama mtu anavyosimamisha mabua ya mahindi. Trekta haipiti. Mvua ikinyesha kubwa udongo unashuka na kuna watu wanaupandisha tena juu. Mimi nimekulia mlimani, nimebeba ndizi kichwani kwenye mteremko, lakini pale nilipanda dakika kumi na tano nikakaa chini. Jina lenyewe Côte-Rôtie maana yake mteremko uliobanikwa, kwa sababu jua linaupiga ubavu kuanzia asubuhi. Chupa za pale bei yake sio ya sisi watu wa mshahara, na za Guigal zile tatu maarufu, La Mouline, La Landonne na La Turque, hizo nimeziona kwenye kabati la kioo tu.

Kusini ni dunia nyingine. Bonde linafunguka, joto linapanda, unaanza kuona mizeituni, lavenda, unasikia nyenje wa kiangazi wanapiga kelele mchana kutwa, na kwa mbali mlima Ventoux umekaa peke yake na kichwa cheupe, sio theluji wakati wa kiangazi, ni mawe. Huko ndo Grenache inatawala, na huko ndo inatoka sehemu kubwa sana ya waini zote zinazoandikwa Côtes du Rhône. Vichaka vya porini huko vina thaimu na rozmari zinazojiotea, ukivikanyaga miguu inanukia kama jiko la mgahawa, na watu wengi wanasema harufu hiyo wanaipata kwenye waini. Mimi naipata, hasa chupa ikishakaa wazi saa moja.

Nilienda kuvuna kule wiki moja, upande wa Rasteau, nilikuwa likizo nikataka kujua. Shamba kubwa la kawaida siku hizi linavunwa kwa mashine, ila hawa walikuwa na kipande cha Grenache ya zamani, mifupi, imesimama yenyewe bila waya kama vichaka, hiyo inavunwa kwa mkono. Unainama kuanzia alfajiri, mkasi mkono mmoja, shada mkono wa pili. Baada ya nusu saa vidole vinanata sukari mpaka mkasi haufunguki vizuri, nyigu wanakuja kwenye mikono, na ukilamba kidole unasikia utamu ambao zabibu za kula za dukani hazina. Alafu siku ya tatu ukaja mistral. Huo ni upepo wa kutoka kaskazini unaoshuka na bonde la mto, mkavu, unapiga siku nyingi mfululizo, kofia yangu ilienda na sikuiona tena. Mzee mwenye shamba alifurahi nikashangaa, kumbe huo upepo unakausha mashada baada ya mvua na ukungu wa kuoza haupati nafasi, kwa hiyo wanaulalamikia na kuuombea hapohapo.

Tukiwa kule tulipita Châteauneuf-du-Pape jioni moja. Kuna mashamba pale huoni udongo, ni mawe ya mviringo tu makubwa kama mihogo iliyokatwa vipande au makubwa zaidi, yaliyosuguliwa na mto enzi za zamani sana. Nililishika moja jua likiwa limeshazama, lilikuwa la uvuguvugu kama chapati iliyofunikwa kwenye kitambaa. Ndo linavyokaa usiku chini ya mzabibu. Jina la mahali, ngome mpya ya Papa, linatokana na mapapa waliokaa Avignon kuanzia 1309 mpaka 1377, Papa Yohane wa 22 ndo alijenga ngome pale kwa ajili ya kiangazi, imebaki ukuta. Na pale ruhusa ya kuchanganya ni kubwa, zabibu 13 kwa hesabu ya zamani.

Hizi habari za jina sio mapambo, watu walipigania. Mwaka 1737 mfalme alitoa amri mapipa yanayopakiwa bandari ya mtoni ya Roquemaure yapigwe chapa ya herufi C.D.R., ili mtu asichukue waini ya kwingine akaiuza kwa jina la pale. Karibu na hapohapo, Pujaut, mwaka 1863 ndo kilionekana kwa mara ya kwanza Ufaransa kile kidudu kidogo cha mizizi kilichotoka Marekani, filoksera, kikamaliza mashamba ya nchi karibu yote. Dawa iliyopatikana ni kubebesha, mzabibu wa Ulaya unapandikizwa juu ya shina la Marekani ambalo kidudu hakilidhuru, kama tunavyobebesha miembe na michungwa. Baada ya hapo soko likajaa waini za uongo, na mwaka 1923 mwenye shamba mmoja wa Châteauneuf ambaye pia alikuwa mwanasheria, Baron Pierre Le Roy, akaongoza wenzake kuandika masharti: zabibu zipi, ardhi ipi, kilevi kisipungue kiasi gani. Masharti hayo ndo yalikuja kuwa mfano wa mfumo wa nchi nzima, Châteauneuf ikapata utambulisho rasmi 1936 na Côtes du Rhône 1937. Nikifikiria zabibu za Dodoma, wakulima wanavuna mara mbili kwa mwaka kitu ambacho huku hakiwezekani, wana ile Makutupora yao, natamani na wao wapate ulinzi wa namna hiyo, jina la mahali liwe mali ya wanaolima pale.

Haya turudi kwenye chupa. Étienne Guigal alianzisha nyumba hii Ampuis mwaka 1946, mwanae Marcel akashika akiwa kijana mdogo baba alipopoteza uwezo wa kuona, na sasa yupo mjukuu, Philippe. Ni watu wa kaskazini, wamelelewa na Syrah. Lakini Côtes du Rhône yao wananunua kwa wakulima wengi, sehemu kubwa ni ya kusini, wanachagua, wanachanganya wenyewe, wanailaza kwenye mapipa makubwa kwa muda unaozidi mwaka. Na hapo ndo siri ilipo kwa maoni yangu: wengi wa kusini wanaweka Grenache mbele kabisa, hawa wanapandisha Syrah mpaka inakaribia nusu, Grenache inafuata, Mourvèdre ya kukolezea. Ni waini ya kusini iliyochanganywa na mkono wa kaskazini. Mwaka kwa mwaka vipimo vinasogea kidogo ila ukiwa umeizoea unaijua hata ukifumbwa macho.

Juzi nilifungua moja nikiwa nimetulia, naandika ninavyosikia. Nimeiweka friji dakika ishirini na tano kwanza. Rangi nyekundu iliyoiva, katikati huoni kidole upande wa pili, pembeni ina zambarau. Harufu ya kwanza ni pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, sio iliyokaa kwenye kopo, nyuma yake zambarau na forosadi, alafu kitu kama nyama iliyobanikwa pembeni ya moshi. Mdomoni inaingia kwa ulaini, hiyo ni Grenache, unafikiri imeisha, alafu Syrah inakaza katikati, na mwisho fizi zinavutwa kidogo unabaki na uchungu mzuri wa kakao. Inakaa mdomoni baada ya kumeza, ukihesabu taratibu unafika kumi bado ipo. Kwa bei ile sijapata nyingine inayofanya hivo kila mara.

Madhaifu yapo. Ikiwa ya moto inaharibika kabisa, kilevi kinapanda puani na tunda linakuwa kama jemu iliyoungua. Ule msemo kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumba ulianza enzi za nyumba za mawe za Ulaya zisizo na hita, nyuzi 16 mpaka 18 hivi, sio chumba cha Dar mwezi wa pili. Niliwahi kuagiza glasi ya Côtes du Rhône kwenye hoteli moja Dar, chupa ilikuwa imesimama kaunta chini ya taa sijui tangu lini, ilikuja ya vuguvugu kama maji ya kuogea mtoto, na bei yake kwa glasi ni zaidi ya ninavyolipa chupa nzima huku. Nilimwomba dada aniletee barafu kwenye ndoo akaniambia nyekundu haiwekwi barafu. Iwekeni jamani, chupa ndani ya ndoo, dakika kumi tu.

Kingine ni kizibo. Ni cha asili, cha gome la mti, na vizibo vya namna hiyo mara mojamoja vinakuja na ugonjwa. Ilinitokea kwenye chupa moja, nilivuta kizibuo kikatoka vizuri, nikanusa, harufu ya boksi lililolowa likasahaulika stoo, tunda limekufa lote. Hiyo haikudhuru ila haifai kunywa, na sio kosa la anayechanganya. Kilichonikera ni duka nililonunua, niliirudisha imejaa na risiti mkononi, kijana akainusa akaniambia ndo harufu ya waini hii, labda hujazoea. Nimezoea. Sikurudi tena pale. Ukipata ya hivo usinyamaze ukadhani wewe ndo hujui.

Kwenye chakula haitaki kila kitu. Nyama ya mbuzi ya kuchoma, mishkaki, paja la kondoo lililookwa, hapo inakaa vizuri mno, mafuta ya nyama yanaula ule ukakasi na pilipili manga inaungana na ule moshi. Pilau ya nyama nayo ndio, ikiwa na bizari nyingi na pilipili kidogo. Samaki wa kupaka hapana, hii na samaki vinatoa ladha ya chuma. Na ukiweka pilipili mbuzi ya kutosha kilevi kinakuwa moto mara mbili, utatokwa jasho bure. Hapa Lyon kwenye vijimgahawa vyao vya zamani Côtes du Rhône ya kawaida inaletwa kwenye kichupa kinachoitwa pot, sentilita 46, kitako chake ni cha kioo kinene sana, wanakula na soseji na matumbo, na mimi mtu wa supu ya utumbo nilijisikia nyumbani kabisa.

Desemba iliyopita nilibeba mbili mpaka Marangu. Baba mdogo alionja kikavu kabla ya chakula, akakunja uso, "Mwanangu, hii inakaba." Nikamwambia, "Baba mdogo subiri kidogo, machalari yanakuja." Mama mdogo alikuwa ameyapika na nyama yenye mafuta, ndizi zimelainika zimeshika mchuzi. Alikula vijiko vitatu, akanywa, akanyamaza, akaangalia glasi. Akaniuliza, "Hii ndo ileile?" Nikasema ndo ileile. Akasogeza glasi mbele nimwongeze. Nikamwelezea habari za zabibu tatu na gome la msesewe, yeye ndo akanikumbusha kwamba bibi alikuwa anapunguza gome mwaka ambao ndizi zimekosa jua. Nilikaa nikawaza, maana hiyohiyo ndo kazi anayoifanya mtu wa Ampuis kila mwaka mbele ya vikombe vyake vya kuonjea.

Ukitaka kulinganisha, zile Côtes du Rhône za chini ya yuro tano nyingi ni jemu na kilevi, hazina mgongo, ni za kupikia. Ukiipenda hii kwa sababu ya pilipili manga, panda kwenda Crozes-Hermitage, hiyo ni Syrah, utaelewa nusu moja ya chupa. Ukiipenda kwa sababu ya ule ulaini na joto, nenda Gigondas au Vacqueyras za kule kusini, hapo Grenache ipo mbele, utaelewa nusu ya pili. Kati yake kuna Côtes du Rhône Villages, hizo zina masharti makali zaidi kidogo na bei haijaruka sana. Mimi naipa hii 8 kwa 10. Moja imekatwa kwa sababu ya joto la kilevi, nyingine kwa sababu mwaka wenye jua kali sana ile pilipili manga inajificha.

Ile chupa ya juzi nilibakiza theluthi, nikarudisha kizibo nikaweka friji. Jana usiku nimetoka kazini saa sita nimeimimina ikiwa baridi, nikaiacha mezani wakati naoga. Forosadi zilikuwa zimepungua, pilipili manga ipo, na ile harufu ya ngozi ya Mourvèdre ambayo siku ya kwanza sikuisikia kabisa imekuja mbele.